Chungu cha Nyar Filipino

Nianze na siki, maana bila siki hakuna kesi.

Mama yangu hakuiamini siki ya dukani, ile nyeupe ya chupa inayochoma koo na haina ladha. Alitengeneza yake. Maganda ya nanasi, sukari nguru, maji yaliyochemshwa yakapoa, vyote ndani ya mtungi wa plastiki uliofunikwa kwa kitambaa, nyuma ya mlango wa jikoni nyumbani kwetu Kondele. Baada ya wiki tatu nyumba nzima ilinuka. Jirani yetu mmoja, mwanamke wa kanisani kabisa, alikuja siku moja akamnong'oneza mama mlangoni, akiuliza kama kile kinywaji kikiiva atapimiwa kikombe. Mama akampimia. Yule mama akanywa funda moja, akakunja uso, akasema asante, na hakuulizia tena.

Siki hiyo ilikuwa ya kuku. Kwao mama, kuku hupikwa kwa siki, vitunguu saumu vingi, pilipili manga na mchuzi mweusi wa soya tuliokuwa tukiununua kwa Mhindi mjini. Vinachemka pamoja polepole mpaka mchuzi unabaki kidogo na mzito. Hicho ndicho chakula alichokulia, na ndicho alichotupikia Jumapili, siku za kuzaliwa, na siku za ripoti ya shule, iwe nzuri iwe mbaya. Tatizo lilikuwa sufuria. Siki haipatani na sufuria. Inaila, inaiacha na madoa meusi, na kuku anatoka na ladha ya sarafu iliyonyonywa. Mama alikuwa anaonja, anaweka mwiko chini, anasema, "Hii inataka chungu."

Mtasema, si anunue? Soko la Kibuye halikuwa mbali. Kila Jumapili tulipotoka kanisani tulipita pale vyungu vilipopangwa chini, vikubwa kwa vidogo, na baba alikuwa anasimama makusudi. "Mama watoto, chagua kimoja, hii maneno iishe."

"Iishe nini?" mama alikuwa anamjibu. "Chungu sinunui. Chungu napewa."

Basi tunaendelea kutembea. Maana hakutaka chungu chochote tu. Alitaka chungu kutoka kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekataa kumpa. Alikataa miaka minane. Na aliyeharibu mambo ni mimi, kwa hiyo acheni niwaeleze vizuri.

Mama ni Mfilipino. Ukimwita Mchina, hata leo na uzee wake, atakusimamisha barabarani akufundishe jiografia. Baba ni Mjaluo wa Nyakach. Alipelekwa Ufilipino kusomea kilimo cha mpunga, akarudi na cheti, sanduku moja, mke, na mimi nikiwa bado wa kubebwa. Akapata kazi kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero. Sisi tukakaa Kondele, mama akanunua cherehani akaanza kushona sare za shule barazani. Kiswahili alijifunza kwa wateja wake na kwa wauza samaki, ndiyo maana mpaka leo Kiswahili chake kina ukali wa soko.

Watoto wa mtaa walimwita Mchina, wakatuita mimi na mdogo wangu Wachina wadogo. Mama alikuwa anasimamisha cherehani. "Kuja hapa. Mimi si Mchina. Sema Mfilipino." Mtoto anasema. Akishasema vizuri anapewa kipande cha ndizi iliyokaangwa kwa sukari. Habari ilienea, wakaanza kuja wenyewe, foleni, wanasema Mfilipino na mkono umeshanyooshwa. Watoto wa ploti yetu waliijua Ufilipino kabla hawajajua Nakuru iko upande gani.

Ndani ya nyumba tulikuwa na mambo yetu. Asubuhi tulikula wali wa jana uliokaangwa kwa kitunguu saumu, na omena, dagaa wa ziwani, zilizokaushwa zikakaangwa mpaka zikalia mdomoni, ukizichovya kwenye siki. Viatu viliachwa mlangoni. Mama alituonyesha kitu kwa kusogeza midomo, mikono yake ikiwa kwenye kitambaa, nasi tulijua ni mkasi anautaka au ni kijiti cha uzi. Na ukiulizwa swali, jibu la ndiyo lilikuwa kupandisha nyusi. Hilo la nyusi liliniponza darasa la pili. Mwalimu aliniuliza kama nimemaliza hesabu, nami nikapandisha nyusi. Akauliza tena, nikapandisha tena, juu zaidi ili aone vizuri. Nilichapwa kwa kiburi. Mama alifunga cherehani, akaja shuleni na tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akamweleza mwalimu kwamba kwao nyusi zikipanda ni ndiyo, na mtoto aliyesema ndiyo mara mbili hachapwi. Mwalimu aliomba radhi, sijui kwa kuelewa au kwa kuogopa ile tepu.

Lakini kitu ambacho mama hakukiachia nafasi hata kidogo kilikuwa salamu. Kwao, mtoto akimkuta mzee humshika mkono wa kulia, anainama, na kuuweka mgongo wa mkono huo kwenye paji lake la uso. Ndiyo unaomba baraka. Unafanya hivyo kabla ya kitu kingine chochote. Kabla ya kunywa maji, kabla ya kuweka mzigo chini, kabla ya kwenda haja. Tulifundishwa hivyo tangu tunajua kusimama. Baba akirudi kutoka Ahero na matope ya mpunga kwenye suruali, tulimkimbilia mkono. Alizoea, akawa anauteremsha mwenyewe akifika mlangoni.

Sasa niwape huyo mtu wa chungu. Ni mama yake baba. Tulimwita dani, yaani bibi kwa Kijaluo. Alikuwa mfinyanzi. Alichimba udongo wake mwenyewe bondeni karibu na ziwa, akaubeba, akaukanyaga, akaufinyanga bila gurudumu, mikono tu na kipande cha kibuyu cha kulainishia. Vyungu vyake vilifika mpaka Ahero na Katito. Na alikuwa na desturi moja. Kila mwanawe akioa, alimfinyangia huyo mke chungu cha jiko lake. Ukishapewa chungu, wewe ni wa pale, na hapo ndipo anaanza kukuita kwa kwenu kama Wajaluo wanavyoita wake zao. Wake wa baba zangu wadogo walikuwa nyar Kano na nyar Seme, binti wa Kano na binti wa Seme. Mama yangu, ambaye mumewe ndiye kifungua mimba, aliitwa mgeni.

Waswahili wana msemo wao, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe mama alipewa siku ya kwanza, na akalima. Alichonyimwa ni chungu. Dani alimwambia baba kwamba watu wa mbali hurudi kwao, na yeye hafinyangi chungu cha kuachwa jikoni kikiwa yatima. Baba akasema huyu harudi. Dani akasema tutaona.

Hapo ndipo nikaingia mimi, nikiwa na miaka sita.

Tulifika Nyakach siku ya Jumamosi, likizo ya Agosti, jua liko juu. Nyuma ya nyumba ya dani kulikuwa na moshi. Siku hiyo alikuwa anachoma. Vyungu vilipangwa chini kwenye shimo la juujuu, vikazungukwa na kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe, vikafunikwa nyasi, na yeye alisimama kando ameshika mti mrefu, anarudisha nyasi pale upepo unapofunua. Chungu chenye moto kikipigwa na upepo wa ghafla kinapasuka. Kwa hiyo dani alikuwa na sheria. Moto ukishawashwa, hakuna kusalimiana. Atakayekuja akae kimya mpaka majivu. Kila mtu pale kwao aliijua sheria hiyo tangu kuzaliwa, na labda kwa sababu hiyo hakuna aliyekumbuka kutuambia.

Nami nilikuwa na sheria ya mama. Nilimwona mzee, nikakimbia. Nikaukamata mkono wake wa kulia, ule ule ulioshika mti, nikauvuta chini kwa nguvu zangu zote nikauweka kwenye paji la uso.

Mti ulianguka kwenye moto. Nyasi zikafunuka, na upepo wa ziwani ukaingia. Nilisikia vyungu vikilia kimoja baada ya kingine, tak, tak, tak. Dani hakunitazama. Aliutazama moto mpaka sauti zikaisha.

Baba alikuwa wa kwanza kusema. Aliomba msamaha kwa Kijaluo, kirefu, akiwa amevua kofia. Kisha dani akasema, nami nilielewa maana Kijaluo nilikuwa nacho, kwamba tatizo si mtoto. Mtoto ametumwa. Tatizo ni hii salamu ya kwao ya kung'ang'ania mikono ya watu, na mgeni aseme hapa hapa kwamba ameiacha.

Baba alimtafsiria mama kwa sauti ndogo. Mama alikuwa amenikumbatia. Akasema, "Mwambie hivi. Kwa vyungu, samahani. Nitabeba udongo, nitakata kuni, nitafanya kazi mpaka vifinyangwe vingine. Kwa salamu, hapana."

Baba akatafsiri ile ya vyungu. Alipofika kwenye salamu akanyamaza, akajikuna shingo. Mama akamtazama, akaona, na akamalizia mwenyewe. Alikuwa na maneno machache sana ya Kijaluo wakati huo, lakini neno la hapana alikuwa nalo. "Ooyo," akamwambia dani usoni.

"Basi na chungu ooyo," akasema dani.

Mnaweza kusema mama alikuwa na kichwa kigumu. Alikuwa nacho, na nilimchukia kwa hicho kichwa miaka mingi. Lakini alitimiza neno lake. Wiki ile yote alibeba udongo kutoka bondeni kwa karai, kichwani, yeye ambaye hakuwahi kubeba kitu kichwani maishani. Maji ya udongo yalimtiririka shingoni, wanawake wa pale wakacheka mpaka wakakaa chini, naye akacheka nao, kisha akarudi bondeni kuchota tena. Dani alipokea udongo wote.

Kuanzia hapo kila likizo ikawa ni ile ile. Aprili, Agosti, Desemba, mama anapakia. Nguo zetu, unga wa ngano, sabuni, na chupa moja ya siki, imefungwa kwa kitambaa na kuviringishwa kwenye sweta. Atakapopewa chungu, alisema, hatatafuta siki siku hiyo. Baba alimtania, "Hii chupa imetembea kunishinda." Likizo ikiisha chupa inarudi Kondele imejaa vile vile, na inamiminwa kwenye sufuria. Tunakula kuku wa ladha ya sarafu.

Na kila tukifika, salamu. Mama alitusimamisha mbele ya dani, mimi na mdogo wangu, na kusema, "Haya." Mwaka wa kwanza dani aliweka mikono nyuma. "Ngojeni," mama akatuambia. Tukangoja. Siku moja alikuwa anabambua njugu, akaendelea kubambua, nasi tumesimama pale tumenyoosha mikono, mpaka ungo ukaisha na akakosa cha kushika. Mwaka uliofuata akapata hila nyingine. Alikuwa akisikia tumefika anautia mkono kwenye udongo mbichi mpaka kiwiko, kisha anautoa, haya chukueni. Tuliuchukua. Tulizunguka boma zima na alama ya udongo kwenye paji la uso, maana mama alitukataza tusipanguse mpaka ukauke na kuanguka wenyewe. Binamu zetu walitucheka hadi wakachoka. Mdogo wangu aliona ni mchezo, akawa anajitazama kwenye maji ya mtungi na kuringa. Mimi sikuringa. Mimi niliona aibu, na aibu hiyo niliiweka akiba.

Sitaki mdhani ilikuwa vita tupu. Kulikuwa na samaki. Dani na mama walipenda kitu kimoja, kichwa cha ngege. Mama alimpika kwa ukwaju, mchuzi mchachu mwembamba, na siku ya kwanza dani alinusa bakuli kwanza, akanywa, akanywa tena. Ukwaju aliujua. Wote wawili walikaa chini, kila mmoja na kichwa chake, wakinyonya mfupa kwa mfupa, wakitoa jicho, wakila shavu, kwa bidii ya watu wanaofanya kazi. Akimaliza wa kwanza alimtazama mwenzake. Nadhani walikuwa wanashindana. Halafu dani ananawa na kusema, "Mgeni anajua samaki," na mama, ambaye neno la mgeni alilielewa vizuri sana, anakusanya sahani na kwenda kuosha.

Nilipoingia kidato cha kwanza nilipelekwa shule ya bweni. Pale nilianza upya. Sikumwambia mtu yeyote nyumbani kwetu tunakula nini asubuhi. Nyusi nilizifunga. Niliongea Kijaluo cha Nyakach kuliko hao Wajaluo wenyewe, na aliyeniuliza macho haya nimeyatoa wapi nilimwambia ni ya ukoo. Nilirudi Desemba nimekuwa mtu mwingine, nimekonda, na nimeamua. Usiku, hapana, ilikuwa mchana, mama alikuwa anaviringisha ile chupa kwenye sweta, nikamwambia.

"Mama, safari hii mimi sitafanya ile salamu."

Aliendelea kuviringisha. "Kwa nini?"

"Hakuna mtu anafanya. Hata yeye hapendi. Miaka minane, mama. Utapungukiwa nini ukiiacha? Sema tu samahani akupe hicho chungu, tupumzike." Nilikuwa nimepandisha sauti. "Wewe ndiye unataka tuchekwe."

Mama akakaa kitandani. Nilitegemea makali ya soko, lakini hayakuja. Alisema polepole, "Nilikuja na sanduku moja. Magauni yaliisha. Viatu viliisha. Mama yangu alikufa huko, mimi niko hapa nashona. Hii salamu ni yake. Haijaisha." Kisha akasema, "Wewe ni mkubwa. Fanya unavyotaka." Akaiweka chupa kwenye mfuko.

Ningependa kuandika kwamba nilimwomba radhi pale pale. Sikumwomba. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijiona nina haki, na basi lote mpaka Nyakach nilitazama dirishani.

Dani alikuwa ameketi nje ya mlango wake, kwenye kigoda. Sikuona udongo mahali popote. Baba alikuwa ametuambia kwamba vidole vyake vimekakamaa, hafinyangi tena, lakini kuambiwa ni kitu kingine na kuona pale pa kazi pamefagiliwa pakawa peupe ni kingine. Binamu zangu walikuwa wamejaa kivulini wakimenya mihogo. Mdogo wangu alienda kwanza, akainama, akauweka mkono kwenye paji la uso, akapita. Mama alikuwa nyuma yangu na mfuko. Hakusema haya.

Nikaenda nikampa dani mkono. Nikamsalimia kwa Kijaluo safi, amosi, dani, nikautikisa mkono wake kama msichana yeyote wa Nyakach, nikauachia.

Mkono haukushuka. Ulibaki pale hewani, mbele ya uso wangu. Nikautazama. Nikamtazama yeye.

"Na huu nauweka wapi?" akaniuliza.

Binamu waliacha kumenya.

"Nauliza wewe. Tangu asubuhi nimeunawa. Nauweka wapi?"

Niliusogelea. Ulikuwa mkavu, safi, unanuka sabuni, na ngozi yake ilikuwa nyepesi kuliko nilivyokumbuka. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeujua ukiwa na udongo. Niliushika kwa mikono miwili, nikauweka kwenye paji la uso, na nikaanza kulia mbele ya binamu zangu wote, kilio cha kamasi, cha mtoto. Nilikuwa nimeona aibu ya kitu ambacho mwenzangu alikuwa anakinawia mikono.

"Basi," dani akasema. "Sasa ingia ndani. Nyuma ya mlango kuna chungu cha mbegu za njugu. Mwaga njugu kwenye ungo, ulete chungu."

Nikakileta. Kilikuwa chungu cha kupikia cha kadiri, mdomo wake umetandazwa vizuri, tumbo lina mistari ya kusokotwa, na upande mmoja kina doa jeusi la moshi. Nilikuwa nimekiona pale nyuma ya mlango kila likizo ya maisha yangu na sikuwahi kukifikiria.

"Siku ile ulinivuta mkono," dani akasema, "vilipasuka vyote. Hiki hakikupasuka. Nilikuwa nimekiweka katikati, mahali upepo haufiki, kwa sababu hakikuwa cha kuuza." Akainua kidevu kuelekea kwa mama. "Mwambie Nyar Filipino achukue chungu chake."

Nilimwambia. Nilimtafsiria mama yote, neno kwa neno, na safari hii hakuna kilichorukwa. Alipolisikia lile jina alifumba macho kidogo.

"Muulize," mama akasema, "kwa nini hakunipa siku hiyo hiyo."

Nikamuuliza.

"Alikataa kuomba msamaha."

"Dani, aliomba. Na udongo akabeba."

"Wa vyungu, ndiyo. Nilitaka wa salamu. Nikasema nitangoja achoke, aache kuwatuma." Dani akautazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza juu chini. "Hakuchoka. Na mimi nimezoea."

Mama alikipokea chungu. Akafanya alichofanya kila mwanamke wa Kibuye, akakigonga kwa kifundo cha kidole karibu na sikio kusikia kama kina ufa. Kikalia sawasawa. Dani akakunja uso, mtu mzima anagongewa chungu chake mwenyewe, halafu akaanza kucheka, na mama akacheka huku machozi yanamtoka. Akapiga magoti pale chini na mfuko wake bado begani, akauchukua mkono wa dani, akauweka kwenye paji lake la uso. Hakuwa amefanya hivyo tangu siku ya moto. Alikuwa akitutuma sisi.

Baba alikamata jogoo. Mama alikiosha chungu, akachemsha ndani yake uji mwembamba kwanza, kama dani alivyoelekeza, ili kizibe vitundu vyake baada ya kukaa na njugu miaka hiyo yote. Ndipo akafungua mfuko, akaikunjua ile sweta.

Kuku yule alichukua muda. Moshi wa kuni, siki inachemka, kitunguu saumu, watu wakawa wanasogea mmoja mmoja na sababu zao. Dani alipewa wa kwanza, na ugali, maana wali alikuwa hauhesabu kuwa chakula. Alitafuna polepole, macho kwa mbali. Sisi wote tulimtazama mdomo.

"Ni kali," akasema. Akamega tonge lingine, akalichovya kwenye mchuzi. Halafu akalisogeza bakuli karibu naye, mbali na binamu zangu, na akala mpaka akapangusa kwa ugali.

Mama alikula wa mwisho, moja kwa moja kutoka kwenye chungu, amechuchumaa karibu na mafiga. Nilimwangalia akionja. Nilikuwa nimezoea kumwona akiweka mwiko chini. Safari hii aliulamba, akanitazama, akapandisha nyusi.

Nami nikapandisha zangu.

Tuliporudi Kondele niliubeba mfuko mimi. Chungu tulikiacha Nyakach, jikoni, mama alisema ndipo mahali pake, atakuwa anakikuta kila likizo. Niliukunjua mfuko jikoni, nikatoa sweta, na chupa ilikuwa tupu.